Mangi, Machinga na Mpemba: biashara iko kwenye damu kweli?

Ukimtuma mtoto dukani hapa Dar humwambii nenda duka la nani, unamwambia nenda kwa Mangi ukachukue sukari robo na mafuta ya mia tano, na mtoto anajua pa kwenda hata kama mtaa mzima hauna Mchaga hata mmoja. Mangi kwa Kichaga ni chifu. Mangi Meli wa Old Moshi, yule ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1900, alikuwa mangi wa namna hiyo, mtawala mwenye nchi yake na wapiganaji wake, na leo jina hilohilo analo kijana aliyekaa nyuma ya dirisha la nondo anapima unga. Yule anayepita na soksi na chaja mkononi tunamwita machinga. Wapo wanaodai neno hilo limetokana na Kiingereza "marching guy", mtu anayetembeatembea, lakini Wamachinga ni kabila kabisa, wapo Lindi na Kilwa, na vijana wa kusini ndio walioonekana kwanza wakitembeza bidhaa Dar mpaka jina likawa jina la kazi. Halafu kuna duka la vitambaa na vyombo ambalo watu wanaliita tu "kwa Mpemba".

Majina matatu, sehemu tatu za nchi. Na kila Desemba mabasi ya Moshi yakianza kujaa mjadala uleule unarudi vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp, kwamba Wachaga wana hela kwenye damu, watu wa Pwani ni wavivu wanapenda ngoma na kulala, Wakinga wana ndagu, yaani dawa za utajiri, na mtu anamaliza kwa kusema "ni utamaduni wao bwana" kana kwamba ameshajibu swali. Mimi naona hapo ndo swali linaanza, sababu huo utamaduni wenyewe haujadondoka kutoka mawinguni, ulitoka mahali, na ukifuatilia ulikotoka unakuta vitu vya kawaida sana kama ukubwa wa shamba, nani anarithi, hela inaingia mara ngapi kwa mwaka, shule ilijengwa wapi, barabara ilifika lini.

Kwanza tuelewane maneno. Nikisema utamaduni hapa simaanishi ngoma na mavazi tu, namaanisha mazoea na sheria ambazo hazijaandikwa popote lakini kila mtu wa mahali pale anazijua: nani anamsaidia nani, deni linalipwaje, mtu akipata hela watu wanategemea afanye nini, aibu ni ipi na sifa ni ipi. Na nikisema tabia ya kiuchumi namaanisha tu jinsi tunavyotafuta hela, tunavyoitunza, tunavyokopeshana na tunavyogawana. Si lazima uwe na benki, mama anayeficha elfu mbili kwenye pindo la kanga yuko kwenye uchumi tayari.

Nadhani njia rahisi ya kuona jinsi vinavyoungana ni kile kinjia cha miguu kinachokatiza uwanja. Siku ya kwanza kulikuwa na dimbwi, mtu akazunguka, wa pili akafuata nyayo, baada ya mwaka majani yamekufa pale na njia imeonekana. Dimbwi likikauka watu bado wanazunguka, na mgeni akija anashangaa hawa watu mbona wanapenda kuzunguka, ni tabia yao nini? Ukimwuliza anayepita atakwambia hii ndo njia. Hadanganyi, ila hiyo si sababu.

Sasa twende mlimani. Kilimanjaro watu wanaishi kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba juu, kahawa katikati, magimbi chini, na ng'ombe yuko zizini anakula majani ya migomba na samadi inarudi shambani. Ardhi ni nzuri na maji yalikuwepo, wazee walichimba mifongo ya kuyaleta mpaka mlangoni, lakini mlima hauongezeki. Watoto wanazaliwa, mteremko ni uleule. Na mila ya kurithi ilikuwa hivi, mtoto wa kiume wa kwanza anapewa sehemu yake, wa mwisho anabaki na nyumba ya wazazi na kuwatunza, na hawa wa katikati wanatakiwa wajitafutie. Zamani kujitafutia kulikuwa ni kwenda kufyeka pori jipya juu au pembeni, baadaye pori likaisha. Kwa hiyo unapata mamia ya vijana ambao tangu wana miaka kumi wanajua kwamba hapa nyumbani wanapendwa ila sehemu yao haipo. Mtu wa hivyo anaangalia barabara kwa jicho lingine.

Kahawa iliingia na mapadri wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na Waingereza walipochukua nchi ikaenea kwenye vihamba, wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikaja KNCU, moja ya vyama vya ushirika vya mwanzo kabisa vya Waafrika kwenye ukanda huu. Hapa watu wengi wanaruka jambo kubwa. Mkulima wa Machame au Marangu miaka ya 30 alikuwa anauza kahawa yake kwa ushirika wake, anapewa stakabadhi, anasubiri malipo ya pili, anabishana kwenye mkutano mkuu kuhusu bei ya soko la nje. Hayo mambo ya mizani, risiti na hesabu aliyajua kabla mwenzake wa mkoa mwingine hajaruhusiwa hata kulima zao la biashara. Na hela ya kahawa ikawa ada ya shule. Shule zenyewe za wamisheni zilikuwa pale pale, Wakatoliki wamefika, Walutheri wa kutoka Leipzig wamefika mwaka 1893, kila upande unataka kuwa na shule yake kwenye kila kitongoji.

Na kahawa ilikuwa ya baba. Ndizi na maziwa vilikuwa vya mama, mama ndo alibeba mkungu mpaka soko la Mwika au Marangu Mtoni akauza akanunua chumvi na sabuni. Mtoto amekua anaona hela ndogo inaingia kila siku ya soko, anaona mama anaigawanya mafungu, hii ya mafuta ya taa, hii ya daftari, hii hairudi kuguswa. Hiyo ni shule ya biashara, imefanyika jikoni.

Sasa turudi dukani. Duka ninalonunua mimi ni dogo tu, kijana analala humohumo, usiku anatandika godoro kati ya viroba vya unga na kreti za soda, saa kumi na moja alfajiri ameshafungua sababu wanaowahi magari wanataka vocha na maandazi. Kuna daftari la mkopo limefungwa kwa kamba kwenye msumari, kurasa zimechakaa, Mama Zawadi 1,500, fundi baiskeli 3,000. Siku moja nikamuuliza mshahara wako shingapi, akaniambia "sina mshahara kaka, nina mjomba". Mjomba wake ndo mwenye duka, ana mengine mawili huko mbele, yeye anakula hapo, anavaa, akiumwa anatibiwa, na makubaliano ni kwamba akimaliza miaka mitatu bila kuharibu atafunguliwa la kwake, analipiwa kodi ya fremu miezi ya mwanzo na kupewa mzigo wa kuanzia.

Nilikaa nikaiwaza hiyo sana. Hakuna mkataba, hakuna mwanasheria, hakuna benki. Kijana angeweza kuchukua mauzo ya wiki akatoweka. Mjomba angeweza kumtumikisha miaka mitatu halafu akamwambia nenda. Kinachowazuia wote wawili ni Desemba. Ndo maana mimi naona safari ya Krismasi siyo kula nyama na kunywa mbege tu kama watu wanavyofikiri. Wote wanarudi kwenye kihamba kimoja, wazee wapo, mama wa kijana yupo, na yote yanaulizwa. Aliyedhulumu anajulikana, anayetakiwa kuombwa msamaha anapelekewa jani la isale, na ukipelekewa isale kwa mila kulikataa ni jambo zito. Kwa lugha ya mjini hiyo ni mahakama na ofisi ya mikopo kwa pamoja, inafunguliwa mara moja kwa mwaka.

Kwa hiyo kile tunachokiita "damu" kikifunguliwa ndani yake unakuta mtaji wa kuanzia bila riba, mafunzo ya kazi ya miaka mitatu, mtu wa kukudhamini na chombo cha kusuluhisha. Mpe mtu yeyote hivyo vinne, wa kabila lolote, uone. Waigbo wa Nigeria wana mfumo unaofanana na huo kabisa, kijana anakaa kwa bosi miaka kadhaa halafu anaanzishiwa, na baada ya vita ya Biafra kuisha mwaka 1970 ambapo wenye akaunti benki walirudishiwa pauni 20 tu hata kama walikuwa na maelfu, ni mfumo huo uliosaidia watu wengi kusimama tena. Waigbo na Wachaga hawana damu moja wala lugha moja. Wanachofanana ni wingi wa watu kwenye ardhi ndogo na vijana wanaotoka kwenda kutafuta.

Kuna wengine wanasema ni dini. Hii nayo ni hoja ya zamani, Max Weber, Mjerumani, aliandika mwaka 1904 na 1905 kwamba Uprotestanti ndio uliowajengea watu wa Ulaya moyo wa kujituma na kuweka akiba. Miaka mingi watu wakaichukua hivyohivyo. Lakini mwaka 2009 wachumi wawili, Sascha Becker na Ludger Woessmann, wakachukua takwimu za Prussia, dola ya Wajerumani ya wakati huo, za karne ya 19 wakaonyesha kwamba wilaya za Waprotestanti zilikuwa na hela zaidi hasa kwa sababu watu walijua kusoma, kwa vile Martin Luther alitaka kila muumini ajisomee Biblia, na kusoma kulipoingizwa kwenye hesabu ile tofauti ya dini ikapungua sana. Ukija Kilimanjaro unaona kitu kinachoelekea hukohuko. Machame na Marangu ni Walutheri wengi, Kibosho na Rombo ni Wakatoliki wengi, na maduka yapo ya Wamachame na yapo ya Warombo. Kama ingekuwa dhehebu upande mmoja ungekuwa haufanyi biashara. Kilichokuwepo pande zote mbili ni darasa.

Na kuna jaribio ambalo historia imetufanyia bila kuombwa. Wakorea walikuwa nchi moja, lugha moja, mila moja, heshima kwa wazee ileile, mpaka 1945 walipogawanywa. Leo Kusini wanauza simu na magari dunia nzima na Kaskazini wanajulikana kwa njaa. Wakati Kusini bado maskini kuna wageni waliokuwa wanasema utamaduni wa Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa China, unawarudisha nyuma watu wa Asia, walipotajirika utamaduni uleule ukasifiwa kwamba ndio uliowainua. Yaani maelezo yanageuzwa kulingana na matokeo. Mtu akikupa sababu inayoelezea umaskini na utajiri kwa pamoja, mrudishe nyuma akuelezee vizuri.

Sasa kusini. Hapa naomba msomaji tulia, kwa sababu hili la "watu wa Pwani na Kusini ni wavivu" linaniuma, nimelisikia likisemwa mbele ya watu wazima waliofanya kazi maisha yao yote.

Vita ya Majimaji ilianza 1905 ikaisha 1907, na Wajerumani walichofanya ni kuchoma vyakula, maghala na mashamba, njaa ikamaliza watu, makadirio ya wanahistoria yanaanzia elfu 75 mpaka laki 3. Hiyo ni sehemu kubwa ya kusini imefutwa kwa wakati uleule ambao mlimani wanaanza kuotesha kahawa. Baadaye mkoloni akaigawa nchi kimyakimya, sehemu nyingine ni za mazao, nyingine ni za kutoa watu wa kwenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga na Morogoro. Songea, Kigoma, Umakonde walitoa manamba. Neno lenyewe limetoka kwenye namba, mtu alikuwa anajulikana kwa namba yake ya kazi. Jiulize tu, mtu mvivu ndo anatembea kutoka Kasulu mpaka Tanga kwenda kukata mkonge?

Mwisho wa miaka ya 40 Waingereza wakaleta mradi mkubwa wa karanga Nachingwea, wakajenga bandari Mtwara na reli, mradi ukafa, na mwanzoni mwa miaka ya 60 reli ikang'olewa. Barabara ya kwenda Dar ilikuwa inaishia Rufiji unasubiri pantoni, mvua ikinyesha sana unakaa siku kadhaa, mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Elfu mbili na tatu! Kuna watu wanasoma hapa walishamaliza sekondari. Mfanyabiashara wa Masasi alikuwa anashindana na mwenzake wa Moshi ambaye reli kutoka Tanga ilimfikia kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia.

Halafu korosho. Ndizi inaiva mwaka mzima, ng'ombe anakamuliwa kila asubuhi, lakini korosho inakuja mara moja, Oktoba mpaka Januari hivi, hela yote inaingia kwa mkupuo kisha kimya. Ukipata hela mara moja kwa mwaka, benki iko mbali, nyumba haina mlango wa chuma, na ndugu wote wanajua umelipwa maana mnada ulitangazwa, utafanya nini? Utanunua bati, utalipa deni, na utafanya jando na unyago wa watoto. Mgeni akipita msimu huo anaona ngoma kila kijiji anasema hawa wanakula hela. Haoni kwamba miezi ya Februari mpaka Mei, hela imekata, anayekupa debe la mahindi ni yule aliyekula pilau kwako. Na asiyepata wa kumpa ndo anaangukia kwenye kangomba, anauza korosho zikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa ili watoto wale leo. Mwaka 2018 wanunuzi walipotaka bei ndogo serikali ikasema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likabeba korosho, na wapo wakulima waliosubiri malipo muda mrefu. Sasa mtu aliyepitia hayo ukimwambia aweke akiba kwenye karatasi ya stakabadhi akakuangalia tu, hajakosa elimu ya fedha, ana kumbukumbu.

Na shule? Shule nyingi za mwanzo zilikuwa za misheni na kusoma kulikwenda pamoja na ubatizo, mzazi Mwislamu wa Kilwa au Bagamoyo alikuwa anaombwa achague kati ya darasa na dini ya mtoto wake. Akachagua dini, na mtoto akasoma madrasa, akajua kusoma na kuandika vizuri tu kwa herufi za Kiarabu ambazo ofisi ya mkoloni iliacha kuzitambua. Ile gepu ya kizazi cha kwanza imejirudia kwa wajukuu, maana asiyesoma hana wa kumfundisha mwanawe maswali ya mtihani jioni.

Kama bado mtu anashikilia kwamba ni Upwani au ni Uislamu, amweleze basi Mpemba. Mpemba ni mtu wa Pwani, ni Mwislamu, anapenda kupumzika jioni barazani, na ni mfanyabiashara ambaye utamkuta Kariakoo, Tanga, Mombasa. Kwa nini yeye? Kisiwa kidogo, zao moja la karafuu, kwa miaka mingi mnunuzi halali ni serikali peke yake na bei inapangwa juu, ajira hakuna, kijana anapanda jahazi au boti. Akifika anapokelewa na mtu wa kwao, analala dukani, anafunzwa, anafunguliwa. Si ndo hadithi ileile ya yule mjomba mwenye duka? Na Wakinga wa Makete nao, mlima, baridi, miteremko, ardhi haba, vijana wanashuka Makambako na Mbeya wanaanza na genge la nyanya.

Hapo kwa Wakinga ndo panakuja ndagu, na kwa wengine panakuja chuma ulete, kwamba hela ya mwenzako inavutwa kutoka kwenye droo kwa dawa. Siwacheki wanaoamini, nimekulia humo. Ila angalia imani hiyo inafanya kazi gani. Mtu wa kwenu mliyekuwa naye kwenye umaskini kapata, huoni mtaji wake umetoka wapi maana hakwenda benki, mjomba hajaonekana, miaka mitatu ya kulala kwenye viroba hukuiona. Pengo hilo la maelezo linajazwa na dawa. Na ina gharama yake, maana anayepata anaanza kujificha, anajenga kwao usiku kama mwizi, au hawekezi kijijini kabisa asije akasemwa.

Kujificha kwenyewe ni jambo lililopimwa. Watafiti Pamela Jakiela na Owen Ozier walifanya jaribio vijijini magharibi mwa Kenya, wakawapa watu hela halisi waamue wawekeze kiasi gani, wengine wakijua matokeo yatatangazwa mbele ya watu na wengine yanabaki siri. Wanawake ambao ndugu zao walikuwepo wakawa tayari kupata faida ndogo ilimradi isijulikane wamepata. Ukisoma hivyo unaweza kusema basi undugu ni mzigo, tuuache. Ni kweli unabana, kila mwenye ajira anaijua ile meseji ya "kaka naomba unikwamue". Lakini undugu huohuo ndio bima ya mtu asiye na bima, na ndio uliompa kijana wa duka mtaji.

Michango ya harusi nayo iko hapo. Unapewa kadi, kuna kamati, kuna mweka hazina anayekupigia simu, unachanga laki ya mtu ambaye hamjaonana miaka miwili. Wengi wanaita ujinga, kwamba zile milioni wangepewa maharusi wanunue kiwanja. Tatizo ni kwamba ukimwomba mtu akuchangie kiwanja hakuchangii! Anachanga harusi na msiba kwa sababu ni vitu vinavyomfikia kila mmoja, vinaonekana, na daftari la nani alitoa linakumbukwa. Ni akiba ambayo hutoi unapotaka, unatoa siku ya shida. Mimi naona viwango vimezidi sa hivi, watu wanakopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ili wachange na hiyo imevuka mpaka, lakini chanzo chake kina akili. Upatu wa kina mama una akili hiyohiyo, kila wiki kijumbe anakusanya, na usipotoa aibu ni ya mtaa mzima. Hata M-Pesa ilivyoanza Kenya mwaka 2007 ilikuwa imejaribiwa kama njia ya kulipia mikopo midogo, watu wakaigeuza wakaanza kutumiana wao kwa wao, kwa wazazi kijijini, na wenye kampuni wakaona huo ndio mlango. Teknolojia ilifuata njia ya undugu iliyokuwepo.

Na utamaduni unabadilika haraka kuliko tunavyodhani. Mwaka 1983 kijana anayetembeza bidhaa Dar alikamatwa kwenye operesheni ya Nguvu Kazi akarudishwa kijijini, na mwenye kununua bidhaa akauza kwa faida akaitwa mlanguzi. Ushirika wenyewe ulivunjwa mwaka 1976, ukarudishwa miaka ya 80. Alipokuja Mzee Mwinyi na ruksa kuanzia 1985 jirani yuleyule mlanguzi akaanza kuheshimika, na leo mtoto wake anaalikwa kwenye semina anaitwa mjasiriamali. Damu haikubadilika kwa miaka hiyo, kilichobadilika ni sheria na sifa.

Jambo moja tunalosahau tukisema "Wachaga hivi, Wamakonde vile" ni kwamba tofauti kubwa zipo ndani ya kabila lenyewe. Kwa mila binti wa Kilimanjaro hakurithi kihamba, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa haki sawa lakini kwenye kikao cha ukoo bado anatakiwa apambane. Kuna Mchaga asiye na mjomba mwenye duka, anafanya kibarua au anauza ndizi za kuchoma stendi, na kuna Mmakonde mwenye malori. Tukimhukumu mtu kwa wastani wa kabila tunakosea mara mbili, tunamnyima kazi yule tuliyemwita mvivu, na tunamnyima msaada yule tuliyeamua kwamba kwao wana hela.

Lile duka ninalonunua limebadilisha mtu mwaka huu. Yule wa kwanza amemaliza miaka yake mitatu, kafunguliwa la kwake Chanika. Mjomba hakupata kijana mwingine wa kwao, wanasoma siku hizi, wanataka ofisi, kwa hiyo kamchukua mvulana mmoja wa Kasulu aliyekuwa anabeba mizigo sokoni, kamwekea masharti yaleyale. Daftari lipo kwenye msumari, godoro lipo. Jana jioni mtoto wa jirani alisimama pale dirishani akaita "Mangi, naomba kiberiti", na yule Muha akaitika, akampa, akarudisha chenji, kisha akaniuliza kama najua nauli ya Kigoma ni shingapi sasa hivi, mdogo wake amemaliza la saba anataka kumleta.